Aliyeizima Ni Mimi

Kila asubuhi nyumbani kwa akina Pelletier ilianza kwa harufu ya ploye, zile chapati nyembamba za manjano zinazopikwa upande mmoja tu, na kwa mabishano. Ploye alizipika baba. Mabishano yalikuwa ya kila mtu. Leo walibishana kama theluji ingeanguka kabla ya Jumapili, kesho wangebishana kama kuku ana akili kumshinda bata. Katika nyumba hiyo hapakuwa na televisheni, kwa hiyo aliyetaka kucheka ilimbidi achekeshwe na wenzake.

Si kwamba walishindwa kuinunua. Odile alipokuwa na miaka mitatu, mama yake, Bi Claudette, aliikumbatia ile ya zamani kwa mikono yake mwenyewe, akaitoa nje na kusema, "Nimechoka kula chakula cha jioni na watu nisiowajua." Tangu siku hiyo haikuingia nyingine.

Sasa Odile alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika mji mdogo wa Grande-Pointe, kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, Marekani, kila mtu alijua habari za nyumba yao.

"Hivi kwenu mnaishi pangoni?" Blaise, mwanafunzi mwenzake, alimwuliza siku moja wakati wa chakula cha mchana. "Jioni mnafanya nini? Mnatazama ukuta?"

"Tunatazamana," Odile akajibu. "Ungekuwa na sura ya kutazamika, hata kwenu wangefanya hivyo."

Meza nzima iliangua kicheko. Odile hakuwa mtoto wa kuonea haya mambo ya kwao. Kilichomkera ni kitu kingine. Televisheni ilikuwa imefukuzwa nyumbani, lakini ilikuwa ikiwasubiri kila kona ya mji. Mgahawani ilining'inia juu ya kaunta. Kule benki ilikuwepo, kwa kinyozi ilikuwepo, hata kwenye kituo cha mafuta palikuwa na skrini ndogo iliyompigia kelele baba akijaza gari. Na mdogo wake Rémi, mwenye miaka sita, alipoona skrini yoyote aliganda kama sungura aliyemulikwa na taa za gari. Supu yake ilipoa. Ukimwita, hakusikia.

Mwezi wa Septemba, kwenye mnada wa vitu vikuukuu kanisani, Odile alikuta rimoti ndogo, nyembamba kama kidole, ndani ya sanduku la vikorokoro. Mwuzaji alimpa bure. "Hiyo inaelewana na televisheni ya aina yoyote," alisema. "Kama bado inafanya kazi."

Ilifanya kazi vizuri mno. Jumapili hiyohiyo mgahawani Odile aliificha ndani ya mkono wa koti, akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi. Watu waliinua vichwa, wakatazamana, kisha mwanamume mmoja akamwuliza jirani yake viazi vyake vimetoka vipi mwaka huu. Punde mgahawa mzima ulikuwa ukizungumza, na Rémi akamaliza supu yake. Odile alisikia raha mpaka vidole vya miguu vikamcheza.

Hakumwambia mtu, hata mama. Alizima kwa kinyozi. Alizima na kule benki. Kila mara alikaa kimya na uso wa malaika, huku moyo ukimdunda kwa furaha. Alijiona askari wa vita vya siri, na vita hivyo alikuwa akivishinda.

Kila Jumamosi asubuhi Rémi alichomwa sindano ya mzio katika kliniki ya mji, na baada ya sindano walitakiwa kusubiri nusu saa pale ukumbini, ionekane kama mwili wake umeipokea vizuri. Nusu saa hiyo Odile aliichukia. Skrini kubwa ukutani haikunyamaza. Jumamosi moja ya Novemba watu wawili walikuwa wakifokeana ndani yake kuhusu nani alimsaliti nani, na Rémi alikuwa ameshaachama kinywa.

"Kaa na mdogo wako," mama alisema. "Nachukua dawa dirisha la pili, narudi sasa hivi."

Mama alipopotea tu, Odile akabonyeza, kama alivyofanya wiki iliyotangulia. Kelele zikakatika.

Mbele yao alikaa Mzee Adélard Ouellette, mkulima wa viazi mstaafu, aliyekuwa na masikio mazito kama magogo. Alitazama skrini nyeusi, akatabasamu, akamgeukia Rémi.

"Afadhali! Wewe, kijana, umewahi kuona farasi aliyeogopa viazi?" alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasiosikia.

"Hapana!" Rémi akapiga kelele.

Basi mzee akaanza. Farasi huyo, alisema, alikuwa wake, na kila gunia lilipopasuka alikimbilia mtoni na mkokoteni wake. Rémi alicheka mpaka akashika tumbo. Mama mmoja mjamzito akasogeza kiti asikie vizuri. Odile aliwatazama wote na kujiambia, "Oneni basi. Oneni nilichokifanya."

Nyuma ya dirisha la kioo, Bi Nadine wa mapokezi aliita namba kwa sauti yake ya upole, mara ya kwanza, mara ya pili. Mzee Adélard alikuwa amempa mgongo. Bi Nadine akaendelea na namba nyingine.

Farasi alikuwa amefika katikati ya mto mzee alipoanza kupoteza maneno. Alisema "gunia" akimaanisha "daraja". Jasho lilimtoka kwenye paji la uso ingawa ukumbi ulikuwa na baridi. Kadi ya namba aliyoshika ilitetemeka, kisha ikaanguka.

"Mzee Adélard?" Odile akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa. "Mzee! Jamani, nesi! Nesi, njoo!"

Nesi mkuu, Bi Mathilde, alitoka mbio. Alimchoma mzee kidole, akatazama kipimo chake kidogo, akaita maji ya matunda haraka. "Sukari imeshuka sana. Kunywa, mzee. Taratibu. Kunywa yote." Kisha akaokota ile kadi sakafuni. "Namba arobaini na moja? Huyu alikuwa apimwe damu robo saa iliyopita! Hajala tangu jana usiku kwa ajili ya kipimo! Nadine!"

Bi Nadine alitoka nyuma ya kioo, amepauka. "Nilimwita mara mbili. Na namba niliituma kwenye skrini kama kawaida."

"Skrini gani? Itazame! Imezimwa!"

Wote waliinua macho. Hapo ndipo Odile alipokumbuka jambo ambalo Jumamosi zote hizo hakulitilia maanani. Chini ya zile picha za watu wanaofokeana, kulikuwa na mstari mwembamba wa buluu, na ndani ya mstari huo namba zilipita. Wagonjwa wasiosikia walizisoma humo.

"Wiki iliyopita pia niliikuta imezimwa," Bi Mathilde alisema, sauti yake ikiwa ya chini na kali. "Nilikuonya. Mzee angezimia hapa, tena mbele ya watu. Jumatatu itabidi niandike barua kwa wakubwa."

"Sikuigusa, dada Mathilde. Naapa sikuigusa." Macho ya Bi Nadine yalijaa machozi.

Rimoti ilikuwa mfukoni mwa Odile. Hakuna aliyemwangalia. Mama alikuwa ndiyo kwanza anarudi na mfuko wa dawa. Ilitosha kukaa kimya tu, kama alivyokaa kimya mgahawani, kwa kinyozi na benki. Lakini kule hapakuwa na mtu aliyelia.

Odile akasimama. 

"Aliyeizima ni mimi." Akaitoa rimoti, akaiweka juu ya kiganja, kila mtu aione. "Leo na wiki iliyopita. Bi Nadine hana kosa lolote."

"Odile!" Mama aliuacha mfuko ukaanguka.

"Wewe?" Bi Mathilde akashangaa. "Kwa nini, mtoto?"

"Kwa sababu siipendi. Inapiga kelele, inamgandisha mdogo wangu, na hapa hatuwezi kuikimbia." Hakuinamisha kichwa. "Zile namba sikuziangalia. Nimemdhuru Mzee Adélard na nimemponza Bi Nadine. Nawaomba radhi nyote wawili, kwa moyo wangu wote. Lakini siwezi kudanganya kwamba naipenda. Siipendi."

"Ungeniomba niizime."

"Nilijua ungekataa."

"Kwa hiyo ukatuamulia sote."

"Hata aliyeiweka hapo hakumwuliza mtu!"

 Mama alifumba macho. Yule mjamzito alikohoa, kisha akasema polepole, "Hilo nalo ni kweli. Mimi sijawahi kuulizwa."

Bi Mathilde akaichukua rimoti, akaitia mfukoni mwake. Akamgeukia Bi Nadine, akamshika bega. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuhukumu kabla ya kuuliza." Kisha akamgeukia Odile. "Nawe, umesema watu hawakuulizwa. Haya. Waulize wewe. Njoo Jumamosi ijayo na karatasi, uniletee majibu. Yote, hata yale yasiyokupendeza."

Mama aliendesha gari mpaka nyumbani. Alipozima injini alisema, "Kila Jumamosi mpaka Krismasi utakaa ubavuni mwa wasiosikia, uwaambie namba zao zikifika." Alifungua mlango, akaongeza, "Na ile karatasi, andika kwa mwandiko unaosomeka."

Jumamosi iliyofuata Odile alikwenda kiti kwa kiti. "Samahani, je, unaitazama televisheni hii?" Wengi walicheka na kusema hapana. Mmoja alimwambia aende zake. Lakini Bi Fernande, aliyekuwa akitibiwa mgongo, alisema, "Naitazama, binti. Ikinyamaza, nayasikia maumivu yangu." Odile hakulitarajia jibu hilo.  Hata hivyo akaliandika kama lilivyo.

Bi Mathilde aliisoma karatasi yote. Baada ya wiki mbili, skrini kubwa ikawa haina sauti wala vipindi. Ilionyesha namba peke yake, kubwa mno hata mwenye miwani iliyopasuka angezisoma. Kona ya nyuma iliwekwa skrini ndogo yenye vifaa vya masikioni, na Bi Fernande akajipatia kiti chake hapo.

"Karibu nikuue, mzee," Odile alimwambia Mzee Adélard siku hiyo, akimsemea karibu na sikio.

"Karibu," mzee akakubali. "Ila wewe ndiye uliyeniona natetemeka. Sikiliza, binti. Kukataa jambo si kosa. Mimi nimekataa mengi. Nilikataa kuuza shamba langu, nilikataa hata kuoa nilipoambiwa nioe. Lakini nilikataa watu wakiniona uso. Anayekataa kwa kujificha hajui anamwumiza nani, kwa sababu hakumwuliza mtu. Ukiwa na neno, simama ulitoe, na ukikosea, simama vilevile."

Jumapili, baada ya misa, akina Pelletier walikwenda mgahawani. Juu ya kaunta mchezo wa magongo ya barafuni ulikuwa umepamba moto, sauti juu. Odile alimtazama Rémi akiganda, akainuka, akamwendea mwenye mgahawa.

"Samahani, bwana, ungeweza kupunguza sauti? Au kuizima wakati tunakula?"

"Kuizima? Leo?" Mwenye mgahawa alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Thubutu! Hapana."

Odile akarudi mezani, uso umemwiva.

"Amesemaje?" mama aliuliza.

"Amekataa."

"Lakini umemwuliza mbele ya watu wote."

"Nimemwuliza. Na Jumapili ijayo nitamwuliza tena."

"Vizuri," mama alisema. Akasimama, akakigeuza kiti cha Rémi kikaipa televisheni mgongo, kisha akageuza na chake. "Haya, tuendelee. Nani alisema kuku ana akili kumshinda bata?"