Mwanamume wa Mbele ya Duka la Dawa

Siku moja kabla ya Idi, foleni ya duka la vitamutamu pale mtaani Manningham, mjini Bradford, Uingereza, ilitoka mlangoni ikapinda kona. Tehmina alikuwa ametoka kazini, kwenye duka la miwani, mtandio wake wa kijani umelowa mvua. Akachukua boksi alilopewa na kukimbilia nyumbani. Alipolifungua akakuta jalebi za shira tu, ilhali mama yake, Bi Zubaida, alikuwa ameagiza barfi za maziwa. Juu ya kifuniko kulikuwa na jina Sheraz na namba ya simu.

"Wewe ndiye mwenye jalebi?" aliuliza alipopiga.

"Ndimi. Na wewe bila shaka ndiye mwenye barfi. Samahani, tumeshaonja."

"Mmeonja au umeonja?"

"Nimeonja," Sheraz alikiri. "Nyingi."

Walikutana kona ileile kubadilishana maboksi. Alikuwa mrefu, amevaa koti la kazi la mafundi wa lifti, na ndevu zake zilikuwa zimechongwa kwa uangalifu wa mtu anayengoja sikukuu. Alimwambia Tehmina kwamba sauti yake kwenye simu ilimtisha, akadhani ni ya mwalimu wake wa zamani. Tehmina akacheka, na kicheko hicho Sheraz alikwenda nacho nyumbani.

Baada ya hapo simu hazikukatika. Sheraz alikuwa akimpigia kutoka juu ya maghorofa wakati wa chakula cha mchana na kumwita "daktari wa macho", ingawa alijua kazi yake ni kuuza fremu tu. Kabla ya majira ya joto kwisha alimtuma mama yake, Bi Naheed, nyumbani kwa kina Tehmina kupeleka posa. Akina mama wakanywa chai, wakapendana. Bi Naheed alipouliza habari za kaka yake Tehmina, Bi Zubaida akasema Adeel yuko Dubai, fundi umeme, mambo yake mazuri.

Adeel hakuwahi kufika Dubai. Alikuwa akitumia heroini tangu baba yao alipofariki, na alilala huku na kule, kwenye vyumba vya wenzake. Mama yake alikuwa ameutunga uongo huo kwa ajili ya majirani, kisha akauzoea kiasi kwamba kila mwezi wa baridi alisema hali ya hewa ya huko inamfaa.

Siri hiyo Tehmina aliitua mahali pamoja tu. Kila Jumatano alikwenda kwenye chumba kilicho juu ya duka la vitambaa, ambako Bi Kaneez, muuguzi mstaafu, aliwakusanya wanawake wenye waume, wana au kaka waliotekwa na dawa za kulevya. Majumbani mwao waliaga kwamba wanakwenda kujifunza kushona. Cherehani ilikuwepo mezani, kitambaa kimeshatiwa chini ya sindano, endapo mume wa mtu angepanda ngazi. Hakuna aliyewahi kumaliza hata foronya.

Kule ndiko alikojifunza kwamba si yeye aliyemharibu kaka yake, na kwamba hawezi kumponya kwa kulia. Alichoweza ni kumsindikiza. Kwa hiyo Adeel alipokubali matibabu, Tehmina alikuwa akimpeleka kwenye duka la dawa katikati ya mji, akanywe dawa ya kumwachisha heroini mbele ya mfamasia.

Ijumaa moja Sheraz alipita ng'ambo ya barabara. Alimwona Tehmina akimfunga vifungo vya koti mwanamume mwembamba, kisha akivua mtandio wake wa kijani na kumzungushia shingoni. Hakuvuka. Siku kadhaa zikapita, ndipo akapiga.

"Nilikuona mbele ya duka la dawa," alisema.

Tehmina akakaa kitandani. "Basi umeshajua."

"Nimejua."

"Na huwezi kuvumilia."

"Nani angeweza, Tehmina?"

"Mimi navumilia kila siku."

Sheraz aliona hiyo ni jeuri, akakata simu. Tehmina naye aliona amekataliwa kwa sababu ya damu yake mwenyewe.

Bi Zubaida alimkuta analia. Tehmina akamweleza yote, pamoja na habari ya Jumatano. Mama alikasirika, alisema aibu ya nyumba imepelekwa sokoni. Siku mbili hawakusemeshana. Lakini Jumatano iliyofuata Bi Zubaida alivaa koti lake, akasimama mlangoni, akauliza kama wanachelewa. Kule juu alikaa karibu na ngazi, mkoba mapajani. Wiki ya pili vilevile. Mwanamke mmoja aliposimulia jinsi anavyomwambia kila mtu kuwa mwanawe yuko chuoni, Bi Zubaida aliinamisha uso.

Kisha Bi Naheed akaja kuvunja uchumba. Alikuja kwa adabu, peke yake, na alipobanwa aseme sababu, akasema kwa shida kwamba mwanawe alimwona binti na mwanamume mwingine, wameshikana, mbele ya duka la dawa.

Tehmina alibaki na sinia la chai mkononi. Ndipo alipoelewa. Alifungua mdomo, lakini mama yake alimtangulia.

"Yule ni mwanangu," alisema Bi Zubaida. "Ni Adeel. Hayuko Dubai. Anatumia dawa za kulevya na sasa anajaribu kuacha, na dada yake ndiye anayempeleka. Mimi nilikuwa naona haya."

Bi Naheed akamsogelea. "Anakula?" aliuliza.

"Kidogo sana."

"Basi apikiwe supu."

Jioni hiyo Sheraz alikuja mwenyewe. Alisema amekuwa mpumbavu. Tehmina alikubali bila kupinga.

"Uliona nikimfunga mtu vifungo, ukashindwa kuvuka barabara kuniuliza," alisema. "Nikiolewa nawe, utavuka?"

"Nitavuka."

"Na Adeel akirudia?"

Sheraz alifikiri kabla ya kujibu, na hilo lilimpendeza Tehmina kuliko ahadi. "Sijui la kufanya," alisema. "Utanifundisha."

Walioana mwezi wa nne. Adeel alikuwa amerudia mara moja, akaanza upya. Arusini alikuja amechelewa, suti imempwaya, akakaa meza ya nyuma kabisa karibu na mlango. Bi Zubaida aliondoka kwenye meza kuu na sahani ya pilau, akapita katikati ya ukumbi, wageni wote wanamtazama. Jirani mmoja alimuuliza yule kijana ni nani. Akamjibu, "Ni Adeel, mwanangu," akavuta kiti, akakaa karibu na mwanawe mpaka alipomaliza kula.