Kitanda Nyuma ya Pazia

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo usiniambie nimeyaokota kijiweni. Mimi ni fundi cherehani. Naishi kwake, nashona barazani, na bintiye tunayemwita Kidosho ndiye mwenye nyumba hasa, maana sote tunafuata atakalo.

Dada aliajiriwa na ofisi ya makazi ya jiji. Walipita chumba kwa chumba katika mitaa ya watu wa hali ya chini, wajue nani anahitaji nyumba kwanza: wazee wasio na mtu, wagonjwa, wajane wenye watoto. Kila mtu walimuuliza, "Unalala wapi?" na mahali hapo walitaka wapaone kwa macho yao. Walifundishwa pia jambo moja kwa msisitizo: usimwahidi mtu kitu. Uliza, angalia, shukuru, ondoka. Lakini dada ana moyo mwepesi. Akiona mtu anateseka, mdomo unamtangulia.

Asubuhi ile aliondoka akinicheka, kwa kuwa nilikuwa nimemkatia mteja suruali yenye miguu yote ya kushoto. Jua liliwaka, vichochoro vilijaa watoto na nguo zilizoanikwa. Chumba cha mwisho kilikuwa cha bibi mmoja mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Karibu na mlango palikuwa na kiti cha mbao. Nyuma ya pazia, kitanda.

"Shikamoo, bibi. Unalala wapi?"

"Marahaba. Hapa." Akagonga kile kiti.

"Na kitandani?"

Bibi akainamisha kichwa, akatazama miguu yake.

Dada akasogeza pazia. Mtu alikuwa amelala kaelekea ukutani, shuka hadi shingoni. Dada akadhani ni mgonjwa. Familia nyingi huwaficha wagonjwa wao kwa aibu, naye alishazoea. Akainama, akauliza kwa upole, "Na wewe, una pa kulala?"

"Sina."

Sauti ilikuwa kavu. Na haikutoka kitandani. Ilitoka chini ya kitanda.

Dada anasema akawa hajui ashike lipi. Mdomo ukamtangulia. "Usijali. Tutakupatia."

Nyuma yake bibi alishusha pumzi ndefu. Dada alipogeuka alimkuta analia huku anatabasamu. Alipotazama tena kitandani, hapakuwa na mtu. Shuka lilikuwa limelala bapa.

Alirudi mchana amesawajika, chakula hakukigusa. Nikamtania kuwa jua limempanda kichwani. Hakucheka.

Kesho yake Kidosho aliamka sakafuni. Tukasema kaanguka. Keshokutwa yake nikamkuta kajikunja ukingoni kabisa mwa kitanda chake, godoro karibu lote liko wazi.

"Mbona unalala pembeni?"

"Nampisha, mjomba."

"Nani?"

Akanivuta sikio, akaninong'oneza. "Mama alimwambia atampa pa kulala."

Nikapapasa godoro. Lilikuwa limebonyea, urefu wa mtu mzima. Lilikuwa na joto. Mimi ni mwoga, sifichi. Nilitoka mbio hadi barazani, viatu nikaviacha humo humo.

Mtoto akazidi kusogea. Kutoka kitandani hadi mkekani. Kutoka mkekani hadi kizingitini. Alfajiri moja tukamkuta nje ya mlango, amelala kwenye saruji tupu, anatetemeka kwa baridi. Dada akaelewa kwamba mwanawe anafukuzwa nyumbani kwao.

Tukaenda sote wawili kwa yule bibi. Alikuwa amenawiri. Mchana kweupe, alikuwa amejinyoosha kitandani mwake. Dada akamshika miguu, akamsihi amchukue mtu wake.

"Si mtu wangu," bibi alinong'ona. "Na mimi nilimhurumia tu. Anapewa kwa mdomo, mwanangu. Mpe pengine pa kulala, atamwachia mtoto. Ila usije ukamkana. Ukimkana, anarudi pale alipopapenda."

"Pengine wapi, bibi?"

"Si kazi yako ni kuingia vyumbani mwa watu?" Akageukia ukutani, akafumba macho.

Njiani dada alitazama kila mlango tuliopita. Nilijua anawaza nini. Wajane wale. Wagonjwa wale. Vyumba vyote vile ambamo angekaribishwa bila kuulizwa.

Tulipofika aliingia chumbani kwake, akasimama mbele ya pazia la kitanda chake. "Kitanda changu ndicho chako," akasema. "Cha mtoto kiache."

Siku hiyo Kidosho alilala fofofo, kajitanua kitandani mwake. Dada alilala kwenye kiti, na tangu siku hiyo akawa analala hapo. Macho yake yakawa mekundu. Tukaanza kuzoea, Mungu atusamehe. Binadamu huzoea chochote.

Kisha zamu ya mtaa wetu ikafika. Ofisi ilimtuma mwenzake dada, mgeni kazini, mjamzito, mcheshi, anatembea ameshika kiuno. Tulimkaribisha barazani. Alitaka kuona tunapolala, kama alivyofundishwa. Kabla hatujamzuia, akawa amekwisha kusogeza pazia.

"Jamani, kumbe mna mgonjwa? Pole, ndugu yangu." Akainama. "Una pa—"

Dada akamrukia, akamvuta mkono. "Hakuna mtu! Hakuna anayelala hapo!"

Mama yule alitutazama, akatazama kitanda. Kilikuwa kitupu. Akajishika tumbo, akatoka haraka bila kuaga.

Dada alikuwa bado amesimama, kiganja mdomoni. Alikuwa amemwokoa mwenzake na kichanga chake. Na alikuwa amemkana.

Tukakimbilia chumba cha mtoto. Kidosho alikuwa amesinzia usingizi wake wa mchana. Amejikunja. Ukingoni kabisa.

Tulihama siku ile ile, hatukubeba hata mto. Sasa tumepanga chumba upande mwingine wa jiji, tunalalia godoro moja jipya. Dada ukutani, mimi upande wa mlango, Kidosho katikati, mkono wangu juu yake.

Leo nimeamka mkono wangu ukiwa umelala juu ya godoro. Katikati yetu pamebonyea, urefu wa mtu mzima, bado pana joto. Mlango uko wazi. Na nje, kwenye saruji, namsikia Kidosho akimwomba mtu radhi kwa kuchelewa kumpisha.