Jibu Alilolitoa Baba

Wakazi wenzangu wa Wessel, nanyi nyote mnaoishi katika miji midogo ya mahindi kama huu wetu, naomba mnisikilize niwaambie yaliyoipata nyumba ya Verlyn Dostal. Siyasimulii ili tumcheke. Siku alipokosea nilikuwepo, na nilipiga makofi pamoja nanyi.

Jumapili moja ya Februari, theluji ikiwa imefunika mashamba, Verlyn alikuwa ndani ya banda lake la matrekta akimrushia binti yake mipira. Walikuwa wamefunga wavu kati ya nguzo na mashine ya kuvunia. Tessa, mwenye miaka kumi na saba, aliruka na kuupiga mpira, nao ukagonga sakafu kwa kishindo hata mbwa akatoka nje. Mama yake, Joleen, aliwaletea kolachi, mikate midogo mitamu yenye plamu katikati, zikiwa bado moto. Walikula wamesimama, wakichekana kwa unga wa sukari midomoni. Verlyn, ambaye kazi yake ni kupima malori ya mahindi kwenye ghala la ushirika, hakuwa na mtoto mwingine, na alimpenda huyu kupita kiasi. Hilo sina shaka nalo hata leo.

Kwa mpira wa wavu Tessa alikuwa hodari kuliko msichana yeyote tuliyewahi kumwona hapa. Vuli iliyopita, Kocha Arlene Ruzicka alikuja nyumbani kwao kutoka Chuo cha Mtakatifu Ludmila, chuo kidogo cha masista kilichoko mwendo wa dakika arobaini. Alikula nao, akamsaidia Joleen kuosha vyombo, na huku akifuta sahani akamwambia Tessa kwamba akija kwake atacheza tangu mechi ya kwanza. Alichoomba ni jibu kufikia Jumatatu ya kwanza ya Machi.

Sasa Jumapili ile, kolachi hazijaisha, simu ikalia. Alikuwa msaidizi wa kocha wa Chuo Kikuu, kile kikubwa, ambacho mechi zake hujaza ukumbi na ambacho fulana yake kila mmoja wetu anayo. Alisema kuna nafasi ya Tessa kufanya mazoezi na timu. Hakumwahidi ufadhili wala kucheza. Alilisema hilo mara mbili, waziwazi, kwa hiyo tusimsingizie mtu yule kwamba alidanganya. Verlyn alisikia Chuo Kikuu tu. Mengine yote yalipita.

Kesho yake asubuhi, wanaume walipokutana kwenye kahawa pale ghalani kama kawaida yao, Duane Pokorny alimwanza. Mtoto wa Duane alivaa jezi ya Chuo Kikuu miaka minne, ingawa hakuna anayekumbuka kumwona uwanjani.

"Nasikia Tessa anaenda kwa masista," Duane alisema. "Atacheza mbele ya watu arobaini na mbwa mmoja."

Wenzake wakacheka. Verlyn naye alicheka, lakini maneno yale yalimkaa kooni wiki nzima.

Wiki hiyohiyo Tessa alikuwa jikoni na mama yake wakimenya viazi. Alimwambia kwamba ameshaamua kwenda kwa Kocha Arlene. "Mama, mimi nataka kucheza. Kule Chuo Kikuu nitakuwa mtu wa kupiga makofi."

Joleen alimwambia ampe baba yake habari hiyo mwenyewe.

"Nitamwambia Ijumaa, tukimaliza kugawa samaki," Tessa alisema. "Baba akishashiba huwa anasikiliza."

Mnazijua Ijumaa zetu za Kwaresima. Ukumbi wa parokia unajaa, wanaume wanakaanga samaki nje kwenye baridi, vijana wanapitisha sinia, na mtu mmoja anashika kipaza sauti kusoma namba za bahati nasibu. Ijumaa ile aliyekishika alikuwa Duane. Aliposoma namba ya mwisho, akamtazama Verlyn.

"Haya bwana Dostal, tumechoka kungoja. Ni kwa masista, au kwa wakubwa?"

Ukumbi mzima ukageuka. Verlyn alikuwa na uma mkononi. Angeweza kusema bado, angeweza kusema muulizeni mwenyewe, maana binti yake alikuwa hatua kumi kutoka pale, amebeba sinia ya kabichi. Badala yake alisimama, akaenda mbele akachukua kile kipaza sauti.

"Binti yangu," alisema, "anaenda Chuo Kikuu."

Tuliinuka sote. Tulipiga makofi mpaka wazee waliokuwa nje na makarai wakachungulia dirishani. Wanawake walimkumbatia Tessa na sinia yake, na yeye akawa anasema asante, asante, huku macho yake yakimtafuta mama yake.

Garini, Joleen alimuuliza mumewe kama alimuuliza mtoto kwanza. Verlyn alishangaa kweli. Aliuliza ni nani anayekataa kitu kama kile. Walipofika kwenye geti lao, Tessa aliinama mbele kutoka kiti cha nyuma.

"Sawa, baba," alisema. "Basi."

Ndugu zangu, jambo lilikuwa bado halijaharibika. Ilikuwa Ijumaa tu. Lakini mnajua tulivyo: mtu wa Wessel akishatamka neno mbele ya sahani zetu za samaki, afadhali auze shamba kuliko kulirudisha. Na Jumapili, kabla ya misa, tayari palikuwa na kibao kipya barabarani chenye jina la Tessa na la Chuo Kikuu. Jumatatu Tessa alimpigia Kocha Arlene kumkatalia, na alipokata simu alijifungia bafuni akafungua maji ili asisikike.

Kule Chuo Kikuu hakuteswa. Walimpa viatu, walimpa chakula, walimpa kazi. Kazi yake ilikuwa kujifanya mpigaji wa timu inayokuja kucheza. Wiki hii aliiga mchezaji wa mashariki anayepiga pembeni, wiki ijayo wa kusini anayepiga katikati, akivaa namba yao, ili wenzake wajifunze kuzuia. Mipira mia mbili kila alasiri. Siku ya mechi alivua namba ya watu, akavaa yake mwenyewe, akakaa benchi.

Verlyn hakukosa mechi. Alipanda juu kabisa na darubini yake ya kuwindia bata, akamwangalia Tessa akipasha mwili joto, kisha akamwangalia akiwapigia wengine makofi. Kesho yake ghalani aliwasimulia wenzake kana kwamba binti yake amecheza.

Mwaka wa pili bega lilianza kumuuma. Tessa alimwambia baba yake kwenye simu kwamba akilala ubavu wa kulia anaamka analia.

"Umewaambia wa huko?" Verlyn aliuliza.

"Bado."

"Usiwaambie kwanza. Watampa mtu mwingine nafasi yako. Vumilia, mwaka huu ni wako."

Nafasi gani? Nimejiuliza mara nyingi. Lakini mtoto alimtii. Alivumilia kuanzia Agosti hadi Novemba, mipira mia mbili kila alasiri, mpaka siku alipoinua mkono kupiga na mkono ukakataa kushuka sawasawa. Madaktari walimpasua. Mmoja wao aliwaambia wazazi, kwa upole, kwamba angekuja mapema wangeweza kuliokoa bega, na kwamba sasa mkono ule utachana nywele, utaendesha gari, lakini hautapiga tena mpira juu ya wavu. Joleen alitoka nje ya chumba. Verlyn alibaki akiikunja na kuikunjua kofia yake.

Tessa aliacha timu, na muhula ule akaacha na masomo. Hakurudi Wessel. Alikodi chumba na kupata kazi ya kupanga masanduku katika bohari, kwa mkono wa kushoto.

Machi iliyofuata Verlyn alijipa moyo, akaendesha gari hadi Mtakatifu Ludmila bila kumwambia mtu. Alimkuta Kocha Arlene akikunja wavu baada ya mazoezi. Alimwomba ampokee Tessa, hata kama ni msaidizi tu, hata kama ni wa kuokota mipira. Alilia alipokuwa akisema, na yule mama alimwacha alie.

"Nitampokea kesho," Arlene alisema. "Yeye ndiye aliyekutuma?"

Verlyn alivaa kofia yake. Alirudi garini, akampigia binti yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza swali lile tangu azaliwe.

"Tessa, mwanangu, wewe unataka nini?"



"Sijui, baba," Tessa alisema. "Zamani nilikuwa najua."

Funzo

Mzazi mwenzangu, kipaji cha mtoto si chako cha kujibia watu kwenye kahawa. Chuo kikubwa si kibaya, na kidogo si kitakatifu kwa sababu ni kidogo. Yuko mtoto ambaye angefurahi na lile benchi, na huyo apelekwe na abarikiwe. Ubaya ulikuwa kumchagulia binti mbele za watu hata akashindwa kukataa, kisha kumfundisha kuficha maumivu ili sisi tusiaibike. Muulize mwanao mkiwa wawili tu, kisha unyamaze mpaka amalize.

Nasi tuliobaki mezani tusijione wasafi. Tulimsukuma Verlyn kwa mzaha na tukamfunga kwa makofi. Mtoto alikuwa amesimama katikati yetu na sinia mkononi, zaidi ya watu mia mbili tulikuwa ukumbini, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kumuuliza.