Maji Yaliyompokea Aline

Kanzu ya Aline ilikataa kukauka. Alibatizwa Jumapili kwenye ufuo wa ziwa, pale Kalundu, akaianika mchana ule ule, na jua la kiangazi la Uvira halina mzaha: linakausha blanketi kabla hujamaliza kuosha sahani. Jumatano kanzu ilikuwa bado inadondosha maji. Mama Fanny, mke wa mchungaji, aliikamua, akaigeuza, akaikamua tena, kisha akanusa mikono yake. Ilinuka tope la chini ya ziwa.

"Aline, weye uliifua tena?"

"Hapana, mama mudogo, si minye. Sikuigusa."

Aline alikuwa binti wa kaka mkubwa wa Mchungaji Herménégilde. Alitoka Kiringye kuja kusoma mjini, akakaa kwao, akawajazia nyumba kicheko mpaka majirani wakamjua kwa kicheko hicho kabla ya sura. Sasa alikaa mlangoni akitazama upande wa ziwa, na alipoinuka kiti kilibaki kimelowa. Kufikia Ijumaa nyumba nzima ilinuka samaki wabichi, ilhali jikoni kulikuwa na maharage. Nyayo za maji zilitoka kitandani kwake hadi mlangoni, na kando ya nyayo zake zilikuwapo nyingine, pana, zisizo na vidole.

"Iko muntu ananiita," Aline alinong'ona alipoulizwa. "Anasema nimechelewa."

Mchungaji aliyaona yote hayo akanyamaza, na alikuwa na sababu. Imani ilikuwa imemwishia. Hakufiwa, hakuonewa, hakukutana na mjuzi yeyote wa kumpotosha. Laiti angekuwa na kisa cha maana cha kusimulia! Iliisha tu kama chumvi inavyoisha jikoni, na yeye akaendelea kupika. Alihubiri, watu wakalia, wakamshika mkono mlangoni, naye akarudi nyumbani akiona haya kumtazama mkewe.

Jumapili ile ya ubatizo aliwazamisha wengine kwa sauti, kila mmoja kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Aline alikuwa wa mwisho. Alimtazama baba yake mdogo kwa macho ya kumwamini kabisa, na mchungaji akashindwa kumdanganya mtoto wa kaka yake. Akachezesha midomo bila sauti, akamzamisha. Kwaya yao ina desturi ya kupiga ngoma na kuimba kwa nguvu kila mtu anapozama, kwa hiyo hakuna aliyejua. Yeye mwenyewe alidhani kwamba hapo, walau mara moja, amekuwa mkweli.

Jumamosi mchana Fanny aliwaita mama mashemasi. Walimweka Aline mkekani, wakamzunguka, na mchungaji akamwekea mkono kichwani, akakemea kwa ile sauti yake nzito iliyowahi kuwaangusha watu chini. Nywele za msichana zilikuwa baridi. Kadiri alivyokemea ndivyo harufu ya tope ilivyozidi, na kutoka kifuani mwa Aline kukasikika maji yakigonga ubavu wa kitu kama yanavyogonga mtumbwi uliofungwa, polepole, bila haraka yoyote, mpaka akina mama wakaacha kuimba mmoja baada ya mwingine, na katika kimya hicho Aline akafumbua macho ambayo hayakuwa yake, na sauti ya chini, ya adabu, ikatoka bila midomo yake kusogea.

"Pasta, mbona unanifukuza? Minye sikuiba. Wale wengine ulisema ni wa nani. Huyu ulimushusha kwangu, ukanyamaza. Nilingoja nisikie jina la mwenyewe, sikusikia. Basi nikapokea."

Fanny alimshika mumewe mkono. Humwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Papa Emery, kinasema nini hiki?"

"Pepo ni mwongo," akajibu Herménégilde. "Musimusikilize."

"Amina!" wakaitikia akina mama kwa nguvu, na Aline akakohoa maji meusi yaliyomtoka puani na mdomoni. Mchungaji alitamani ardhi immeze. Mle chumbani jini ndilo lililosema kweli, na yeye ndiye aliyedanganya, kwa jina la Mungu, mbele ya mtoto aliyekuwa akizama pakavu.

Kesho yake, katikati ya mahubiri, Aline aliinuka kwenye benchi akatoka. Mchungaji alimwona kupitia dirishani akishika njia ya ziwani. Akaacha sentensi katikati, akakimbia.

Alimkuta maji yamemfika kifuani na bado anaenda, mgongo umenyooka, kama anayeongozwa kwa mkono. Mchungaji akaingia na viatu vyake na koti lake. Nyuma yake kanisa zima lilifika mbio, na kwaya, kwa kudhani wanamsaidia, wakaanza kuimba.

"Munyamaze!" alipaza sauti. "Nawaomba munyamaze, musikie!"

Wakanyamaza. Hata wapagazi wa bandari ya jirani walitua mizigo.

"Siku ile sikumutaja Mungu. Nilichezesha midomo tu. Minye sina imani, ni muda sasa. Jana niliita hiki kitu mwongo, na mwongo ni minye!"

Alimshika Aline mabega, akamzamisha. "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," alisema, na alipotaka kumwinua, mikono isiyo ya Aline, laini na baridi, ikamshika vifundo vya mikono kutoka chini, ikavuta bila hasira, ikavuta kama mtu anayechukua chake, mpaka maji yakamfika kidevuni naye akaacha kabisa kusema kama mchungaji, akalia kama mtoto aliyefungiwa nje: "Mungu, kama uko, huyu ni wako, muchukue! Usinitazame minye, mutazame yeye!"

Mikono ikaachia. Aline akaibuka akitapika maji, akatetemeka. "Baba mudogo," akasema, "baridi."

Wazee wa kanisa walimsimamisha mchungaji kazi pale pale ufuoni, naye akakubali. Jioni Aline alikuwa amelala, anakoroma. Fanny aliketi kizingitini, hakumtazama mumewe.

"Mwaka uliopita, nilipolazwa hospitalini, uliniombea mupaka asubuhi. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na weye tu," akasema. "Sikutaka uogope."

Fanny alilia kwa muda mrefu. Kisha akajifuta uso kwa kitenge. "Basi leo ongea na Mungu mwenyewe. Minye sitaitikia uongo tena."

Herménégilde akapiga magoti kwenye vumbi la mlangoni. Maneno yote mazuri aliyoyazoea yalimjia, na kila moja likamtia kinyaa, akayaacha yapite.

"Bwana," akasema mwishowe, "naona haya."

"Amina," akasema Fanny.