Nyumba Isiyo na Mimba

Kama humjui Mama Huqa, hujapoteza kitu. Mimi, Amran, namjua kwa sababu binamu yangu Tiya aliolewa na mwanawe, Huqa, na kwa sababu mlango wao hapa mtaa wa Wabera unatazamana na mahali ninapouzia maziwa ya ngamia. Hadithi za namna hii wasimulizi huzisikia kwa rafiki wa rafiki. Hii ilimpata Tiya, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwao.

Familia hiyo ina ugonjwa mmoja. Wanaamini Isiolo nzima huamka asubuhi ili kuwaonea wivu. Wivu wa nini, sijui. Huqa ana pikipiki ambayo haiwaki mpaka isukumwe, na kazi yake ni kutafuna miraa kuanzia adhuhuri hadi jua lizame. Mama yake ana bati lililotoboka na ulimi. Lakini ukiwasikia wakizungumza, utadhani kuna watu wamelala nyuma ya ua wao wakihesabu baraka zao.

Sisi sote huficha mimba kidogo, sikatai. Kwetu mwanamke hatembei akitangaza ni mwezi wa ngapi, na wenye adabu hawamwulizi. Jicho la watu lipo. Ila kuficha kidogo ni adabu, na kuficha alikoficha Mama Huqa ni wazimu. Alimvika Tiya dera pana na shuka juu yake, jua likiwaka. Alimtuma apite mbele ya msikiti na mtungi wa maji, watu waone kwamba hana kitu, maana mwenye mimba hawezi kubeba hivyo. Kliniki alimkataza kabisa, kwa kuwa benchi la kliniki, alisema, limejaa macho. Mtu akiuliza, jibu la nyumba nzima lilikuwa moja: hakuna.

Mimba ya kwanza ya Tiya ilikuwa imeharibika akiwa na miezi sita. Mama Huqa alisema ni jicho. Sista Kagendo, mkunga wa zahanati yetu, mwanamke wa Kimeru asiyependa maneno mengi, alisema ni presha. Nadhani mnajua ni nani aliyesikilizwa.

Kwa hiyo mimba ya pili nilimpeleka kwa siri, tukisingizia kwamba ananisaidia kuosha vibuyu vya maziwa. Sista alimpima. Akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, akakitoa, na shimo likabaki. Aliliangalia lile shimo mpaka likajaa lenyewe. Kisha akaniambia mimi, si Tiya, kwamba huyu lazima azalie mikononi mwake, na kwamba akiumwa na kichwa au akiona vitu vyeupe mbele ya macho, tusingoje uchungu. Tukingoja tutampoteza yeye au mtoto, na pengine wote wawili.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Maziwa yalifika mapema na boda kutoka upande wa Leparua, hayakuwa yameganda, na wateja hawakunisumbua. Nilikuwa nakunywa chai simu ilipolia.

"Dada," Tiya alinong'ona. "Kichwa. Naona nyota. Na uchungu umeanza." Halafu simu ikakatika, kama simu inayonyang'anywa.

Nilimwachia jirani maziwa yangu nikapanda boda. Zahanati nilimweleza Sista. Alichukua mkoba wake na kile kitarumbeta kidogo cha kusikilizia moyo wa mtoto, akafunga mlango wa zahanati, tukarudi wawili nyuma ya dereva mmoja.

Tulifika saa ile ya joto baada ya adhuhuri, watu wakiwa wamelala. Mama Huqa alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya mlango, ungo wa mchele mapajani, akichagua mawe. Alikuwa ameujaza mlango wote. Nyuma yake pazia. Kando ya ukuta, Huqa na miraa yake. Mkewe anazaa ndani, na yeye shavu limevimba kwa majani.

Sista alimsalimu kwa heshima, akamwita shosho, kama mtu anavyomwita nyanya yake, akasema amekuja kumwona Tiya.

"Hapa hakuna mgonjwa," Mama Huqa alisema bila kuinua macho.

"Nimekuja kwa ajili ya mimba, shosho. Wiki iliyopita nilishika kichwa cha mtoto kwa mkono huu."

"Mimba gani? Hii nyumba hakuna mtu ako na mimba."

Ndani, Tiya aligumia kwa maumivu. Tulimsikia sote. Mama Huqa alitupa jiwe moja nje ya ungo.

"Hiyo ni mbuzi," akasema.

Nimeona wanawake wajinga maishani mwangu, na wengine nawapenda. Lakini sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yule bibi wakati ule, akimwita mke wa mwanawe mbuzi ili majirani waliolala wasije wakamwonea wivu. Nilimwambia atupishe. Nikamwambia Tiya atakufa. Huqa akasema niache kelele, nisije nikawakusanya watu.

Hapo Mama Huqa aliinua mkono wake wa kulia.

"Wallahi," akasema, "ndani ya hii nyumba hakuna mimba, na hakuna mtoto."

"Wallahi," Huqa naye akaitikia, mdomo umejaa.

Upepo ulikuwa umetulia. Kisha Mama Huqa akafanya kitu ambacho nadhani hakujua anakifanya. Alikunja miguu. Akaegemea upande mmoja, akaubana ungo kifuani, vile mtu anavyompisha mwenzake anayeingia ndani. Sisi wawili tulikuwa bado nje. Hapakuwa na mtu mwingine.

Pazia likasogea. Likarudi.

Tiya alikuwa katikati ya kilio. Kilikatika. Hakikupungua. Kilikatika.

Sista Kagendo hakungoja tena. Aliruka ungo, mchele ukamwagika, nami nikamfuata.

Tiya alikuwa amekaa kwenye mkeka. Hakuwa na jasho. Nguo yake ilikuwa kavu. Mkeka ulikuwa mkavu. Alikuwa akitazama ukuta, na mikono yake ilikuwa imeshika tumbo ambalo halikuwepo.

Sista alipiga magoti. Akainua dera. Tumbo lilikuwa bapa kama la msichana wa shule. Alilibonyeza, juu, chini, pembeni, mikono yake ikitafuta kitu ilichokiacha hapo wiki iliyopita. Akatafuta damu. Hakuna. Akatafuta kondo, chini ya mkeka, nyuma ya sanduku, kila pembe ya chumba kile kidogo. Hakuna. Akampima presha. Ilikuwa ya mtu mzima asiye na shida yoyote. Mwisho akaweka kile kitarumbeta juu ya tumbo, kwa mazoea tu, akasikiliza. Hakusikia moyo. Akakirudisha mkobani.

Mama Huqa alikuwa amesimama kwenye pazia. Aliliona tumbo. Na unajua alisema nini?

"Si nilisema?" alinong'ona. "Si nilisema hakuna?"

Tulimpeleka Tiya hospitali siku hiyo hiyo. Walimpiga picha ya tumbo. Daktari akatuuliza kwa upole ni nani alituambia kwamba huyu mama alikuwa mjamzito. Sista Kagendo, mkunga aliyezalisha nusu ya watoto wanaocheza mpira hapa mtaani, aliitazama mikono yake.

Huqa alimwacha mkewe kwa ujumbe wa simu, kwa sababu kutamka talaka kungemtoa miraa mdomoni. Alidai kwamba Tiya amemficha mtoto wake. Watu wale wale walioapa hakuna mtoto sasa walikuwa wanadai mtoto. Nilimleta Tiya kwangu.

Siku za kwanza alilala tu, uso ukutani. Halafu jioni moja, nikimsuka, akaanza kusimulia mwenyewe, kwa sauti ya chini sana.

"Aliingia mama mmoja. Mrefu. Miguu yake haikutoa sauti. Akainama, akaniuliza polepole, 'Ni kweli hapa hakuna?' Nilitaka kusema yupo. Uchungu ulinijaa mdomo, dada, sikuweza. Akasema, 'Wenye nyumba wameapa. Kama hakuna, basi sijaiba.'"

Nilimaliza kumsuka. Misuko ikatoka kombo.

Kisha maziwa yakaja. Matiti yake yalijaa, yakawa magumu, nguo zikalowa. Mwili wake ulijua ulichozaa, hata kama macho ya daktari hayakukiona. Nilidhani yatamtesa mpaka yakauke. Lakini kila siku, saa ile ile ya joto ambapo Wabera yote hulala, Tiya alikaa akiutazama ukuta, akafungua kifua, na akainuka matiti yakiwa laini. Hakuwa ameyakamua. Mimi ni muuza maziwa, ningeona tone.

Siku moja nilikaa karibu naye. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa, na ulikuwa umebeba uzito, misuli ilionekana. Chuchu ilivutwa. Ikaachwa. Ikavutwa tena. Nilinyoosha kidole, nikagusa ule mkunjo wa mkono pasipo na kitu.

Palikuwa na joto. Palipumua.

Nilitoka nje na nikakaa juani kwa muda mrefu.

Nilimwambia Sista Kagendo nikitarajia acheke au anishauri twende kwa sheikh. Hakucheka. Alikuja, akakaa saa hiyo ya joto akatazama kwa macho yake. Akanawa mikono, akampima Tiya presha, akaangalia kope zake kama zina damu ya kutosha.

"Kuna mtu ananyonya," akasema. "Na anayenyonyesha lazima ale."

Tangu hapo alikuja kila wiki. Alimletea vidonge vya kuongeza damu. Alinifundisha uji wa kumpikia, akaniambia mboga za majani zisikosekane, maji ayanywe kila anaponyonyesha, na nisimwamshe akilala. Presha aliiangalia kila mara, maana alisema inaweza kumrudia mama hata baada ya kujifungua. Na alinipa agizo moja ambalo sidhani alilisomea chuoni. Mtu yeyote akiuliza kama Tiya ana mtoto, tujibu yupo. Tujibu sisi, kabla mtu mwingine hajatujibia.

Basi tukajibu. Sokoni, yupo. Msikitini, yupo, hajambo. Majirani wakasema tumepagawa, mimi, Tiya na mkunga wetu. Hawa ndio wale Mama Huqa aliodhani wanamwonea wivu usiku na mchana. Wengi wao hawakujua hata kwamba Huqa alikuwa na mke.

Miezi ikaenda. Tiya alinenepa kidogo, rangi ikamrudia. Mkono wake wa kushoto ukawa na nguvu kuliko wa kulia.

Jana, baada ya alasiri, Mama Huqa alikuja. Sikumtambua mara moja. Alikuwa amekonda, shuka linaburuta, na alisimama getini bila kuingia, kwa mara ya kwanza maishani mwake akingoja kukaribishwa. Nilikuwa ndio nimemaliza kufagia ua. Tiya alikuwa amekaa kizingitini nyuma yangu.

"Mtoto alikuwa analia kwangu," akanong'ona. "Kila mchana. Nikienda chumbani, hakuna. Sasa wiki hii sijamsikia." Akashika geti. "Amran, ako huku? Kuna mtoto hapa?"

Niwe mkweli kuhusu nilivyojisikia. Nilimchukia. Nilitaka kumjibu kama alivyotujibu sisi, nikiwa nimekaa, nikichagua mchele. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, tamu kabisa, na nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Tiya alinishika kifundo cha mkono. Kucha zake ziliingia.

Nikameza.

"Yupo," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mtoto wa Tiya yupo. Hapa ndipo kwao."

Mama Huqa alilia. Akaomba amwone, mara moja tu, kwa mbali. Nikamwambia haiwezekani, watu wana macho. Sitajuta kusema hivyo. Aliondoka akiwa ameshika ukuta wa jirani, na mimi nikafunga geti.

Leo asubuhi nimetoka kabla jua halijawaka nipokee maziwa. Ua ulikuwa kama nilivyouacha, vumbi laini, limefagiwa. Geti lilikuwa limefungwa. Mahali aliposimama yule bibi nje palikuwa na alama za ndala zake. Na kuanzia hapo, kupitia chini ya geti, kukatiza ua mpaka kizingitini, kulikuwa na alama nyingine. Viganja vidogo. Magoti madogo. Vidole vya miguu vilivyoburutwa.

Nilizifuata mpaka ndani. Tiya alikuwa bado amelala kwa ubavu, mkono umekunjwa, shuka limeinuka kidogo mbele yake, ingawa saa ya joto ilikuwa bado mbali.

Nikarudi uani nikatazama tena, kutoka mlangoni hadi getini, taratibu. Alama za kuingia zilikuwepo. Za kutoka sikuziona.