Kitasa cha Mwisho

Haya yote ni kweli tupu, haki ya Mungu. Nikitia hata chembe ya chumvi, vyombo vya nyumba hii nitaosha mimi juma zima, na mke wangu ni shahidi.

Fundi vitasa alikuwa akitoboa mlango wake mwenyewe, anatia kitasa cha saba, mkewe aliporudi kutoka kliniki na sare yake ya unesi.

— Kingine tena, mume wangu?

— Umechelewa. Nani kakuleta?

— Miguu yangu.

— Na hiyo miguu ilisindikizwa na nani?

Zamani Nesi angecheka. Uangalifu huohuo ndio uliomteka: siku walipokutana alikuwa amejifungia nje, Fundi akamfungulia, kisha akamkagulia na madirisha bila kuombwa. "Nimepata mtu wa kunijali," akawatambia rafiki zake. Sasa akiwa zamu, simu haipoi: "Uko wapi? Hebu nisikie kelele za hapo."

— Twende ukamwone daktari wa akili wa pale kliniki kwetu.

— Mimi mwendawazimu? Nani asiye na wasiwasi? Wewe mwenyewe hukagui jiko mara mbili kabla ya kulala?

— Nakagua. Nikiona limezimwa, nalala. Wewe ukiona limezimwa, unauliza nani kalizima.

Fundi akapuliza vumbi la tundu alilotoboa. Kisha, kwa sauti ndogo:

— Kwani alilizima nani?

Nesi akabeba mkoba, akatoka. Nyuma yake vitasa vikalia kimoja baada ya kingine. Hajamaliza ngazi, ujumbe ukaingia: "Rudi. Nitakwenda kwa daktari."

Akapanda mbio, moyo unamdunda.

— Fungua, mume wangu, twende sasa hivi!

Kitasa kikalia. Cha pili. Cha tatu. Nesi anavihesabu, machozi na kicheko pamoja. Kikabaki kimoja.

— Uko na nani hapo nje?

— Peke yangu.

— Mbona nasikia watu wawili wanapumua?

— Mmoja ni mimi. Wa pili ni wewe.

Nesi alingoja mpaka taa ya ngazi ikazimika yenyewe. Akapenyeza funguo zake chini ya mlango, akashuka polepole, asije akaitwa akakosa kusikia. Hakuitwa.

Mke wangu, anayesomea begani kwangu, ananifinya:

— Saba? Mlango gani huo wa kubeba vitasa saba? Si vilikuwa vitatu, mzee wewe!

Haya, vitatu. Masufuria yananiita, nakwenda. Lakini kile cha mwisho hata yeye hakukibishia: hakikufunguliwa.