Mawaridi ya Marehemu Nada

Haya yalimkuta shoga yangu Kawthar wa Mpendae, na mpaka leo hataki yatajwe mbele yake.

Aliolewa na mume aliyefiwa, akakuta uani vyungu vya mawaridi madogo madogo ya urujuani, aliyoyaotesha marehemu Nada, mke wa kwanza. Aliyachukia kama mtu anavyomchukia mke mwenziwe.

Magharibi moja alitoka na mkasi, achume ya kikuba cha kubandika kifuani kwendea harusini. Jirani yake, Bi Ummy, akamwita kutoka ng'ambo ya ukuta.

“Mwanangu, maua hayachumwi jua likishazama. Na hayo ya Nada usiyaguse kabisa.”

“Nada kashazikwa, Bi Ummy. Nnayakata yote, mpaka mashina!”

Akayakata kweli, akautupa mkasi chini. Papo hapo umeme ukazimika. Kizani akasikia kachu, kachu, mkasi ukikata polepole nyuma ya kisogo chake.

Alikimbilia chumbani, akawasha tochi ya simu. Juu ya mto wake palilazwa kikuba cha mawaridi yale, kibichi, kimefungwa barabara. Hakikufungwa kwa uzi. Kilifungwa kwa msuko wa nywele, na nchani mwake mna utepe mwekundu aliojifunga Kawthar mwenyewe asubuhi ile.